Data unayo, swali je? Kwa wanaotaka PhD ya epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea na kwa nini

Juzi nimepata tena meseji ile ile. "Shikamoo dokta, nina data ya wajawazito elfu nane wa hospitali yetu, nataka kuanza PhD ya epidemiolojia, naomba unisaidie topiki." Ni kijana mchapakazi, masta kamaliza vizuri, na simlaumu kwa sababu kuna mtu kamfundisha hivyo, lakini ni wa nne mwaka huu na nimechoka kujibu mmoja mmoja usiku kwenye simu, kwa hiyo najibia hapa.

Mdogo wangu, data haizai swali. Hao elfu nane ni waliofika hospitali, basi. Aliyejifungulia nyumbani hayumo, aliyefia njiani hayumo, aliyepewa rufaa kwa sababu hali imekuwa mbaya yumo mara mbili wengine hata mara tatu. Sasa ukiniambia asilimia fulani ya wajawazito wana malaria nakuuliza, chini ya mstari wa hesabu, asilimia ya watu gani, umeweka nani? Ndio maana Ifakara hapa Tanzania tangu 1996, na Kilifi kule Kenya tangu 2000, kuna watu wanapita kaya kwa kaya, mwaka baada ya mwaka, wanaandika nani kazaliwa nani kafa nani kahama. Ukiitazama kwa haraka unaona kazi ya karani tu, kumbe bila hiyo hesabu zetu nyingi zinaelea hewani.

Mambo ya ada, msimamizi, kibali cha maadili, tasnifu ya kitabu kimoja au ya makala, sitakaa nayo, kila chuo kina utaratibu wake na utauliza utaambiwa. Miaka ni mitatu minne kwenye karatasi, panga mitano.

Kinachonikera mimi ni sentensi moja ambayo iko karibu kila andiko la utafiti ninaloletewa: "tutarekebisha kwa vigezo vyote vilivyopo." Kurekebisha ni kulinganisha wanaofanana, wa umri huu na wa umri huu, ili tofauti hiyo isiharibu jibu. Lakini vyote! Yaani umri, elimu, uzito wa mtoto, kila safu iliyoko kwenye faili inatupwa kwenye modeli, yaani hesabu ya takwimu, programu ya Stata inatoa namba, thamani ya p (kipimo cha kama matokeo yangeweza kutokea kwa bahati tu) iko chini ya 0.05, watu wanapeana mikono.

Ngoja nikupe kisa. Miaka ya sitini kule California, Jacob Yerushalmy alikuwa anafuatilia akina mama na watoto wao, na 1971 akatoa matokeo yaliyowasumbua watu miaka mingi: ukichukua watoto waliozaliwa na uzito pungufu tu, wale wa mama wanaovuta sigara walikuwa wanakufa kidogo kuliko wale wa mama wasiovuta. Je, sigara inamlinda mtoto? Hapana. Mtoto hazaliwi na uzito pungufu bure, ana sababu. Kama mama anavuta, sigara yenyewe inatosha kuwa sababu. Kama havuti basi kuna kitu kingine kimempunguza, na mara nyingi kitu hicho ni kibaya zaidi, kasoro ya kuzaliwa kwa mfano. Kwa hiyo ulipowatenga watoto wadogo peke yao umelinganisha wenye tatizo la sigara na wenye tatizo zito kuliko sigara, halafu sigara ikatoka inang'aa. Mtego umeutega wewe mwenyewe kwa kurekebisha.

Sasa rudi kwenye wale elfu nane. Tuseme swali lako ni malaria ya ujauzito na vifo vya watoto wachanga. Malaria ikikaa kwenye kondo la nyuma mtoto anapungua uzito, na uzito pungufu unachangia kifo. Ukirekebisha kwa uzito umekata njia ile ile uliyotaka kuipima, na juu yake umefungua mlango wa kisa cha California. Unaweza kuja kuniambia malaria haina neno kwa watoto chini ya kilo 2.5, tena kwa namba nzuri kabisa! Hii haihusu programu gani unatumia wala data ni kubwa kiasi gani, hata wangekuwa laki nane jibu lingekuwa baya vile vile, ila ungekuwa na uhakika nalo zaidi, na hapo ndipo mimi naogopa.

Dawa yake tunachora mishale, nini kinasababisha nini, kabla ya kugusa faili. Na hapa niseme ukweli, mishale inatoka vichwani mwetu. Ukikosea mmoja modeli haikupigii kelele, inakupa namba safi kama kawaida, na nimeshawahi kubadilisha mshale mmoja kwenye kazi yangu na hitimisho likageuka, mpaka leo siwezi kuapa kwamba mchoro wa pili ndio sahihi.

Hata majaribio makubwa hayakuokoi na kukosa uhakika huko. Mwanza, matokeo ya 1995: jamii 12, nusu wakaboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya, maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa karibu asilimia 40. Rakai, Uganda, matokeo ya 1999: watu wakapewa dawa za magonjwa hayo hayo nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi 10, VVU haikushuka. Wengine wanasema Rakai VVU ilikuwa imeshaenea sana, wengine wanasema kutibu mgonjwa siku anayoumwa si sawa na kugawa dawa kwa ratiba. Mimi naegemea hilo la kwanza, lakini nimeshabadilisha mawazo mara mbili. PhD yangu mimi ningeitafuta pale, kwenye majibu mawili yanayogombana.

Kwa hiyo mdogo wangu, faili usinitumie. Niandikie sentensi moja: mama hawa wangefanyiwa hivi badala ya vile, watoto wangapi wangekuwa hai siku ya 28? Chini yake chora mishale yako, hata kwa kalamu kwenye daftari, piga picha utume. Ukituma hiyo nakupigia mimi, siku hiyo hiyo.