Kwa nini mwenye pesa kibubuni hukopa sukari dukani?

Shangazi yangu wa Wete, Pemba, ana kibubu cha mbao chini ya kitanda, kimepigiliwa misumari pande zote. Msimu wa karafuu, akishalipwa na ZSTC, shirika la serikali ya Zanzibar linalonunua karafuu, hutumbukiza noti zake humo. Na bado hunituma dukani nimchukulie sukari kilo mbili: "Mwambie aandike." Siku moja nikamwuliza, si una pesa wewe? "Hizo si za sukari, mwanangu. Hizo za skuli."

Kwa miaka mingi niliamini kuwa huko ni kutojua hesabu. Pesa ni pesa, nikisema, na mwenye akiba hana haja ya deni. Nilikosea vibaya, na nawasikia wengi wakikosea vivyo hivyo wanapotaka kuwafundisha wanawake wa shamba kuweka akiba. Shangazi hesabu anazijua: kilo ngapi mbichi zitatoa ngapi kavu, mchumaji apewe nini, makonyo, vile vikonyo vya karafuu, yabaki kiasi gani. Asichokubali ni kuzichanganya pesa.

Richard Thaler, Mmarekani aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2017, alieleza kwamba moyoni kila mtu huzigawa pesa mafungu. Fikiria maji ya nyumbani. Ya mtungini na ya pipani yametoka bomba moja, lakini hakuna anayenawa miguu kwa maji ya mtungi. Pipa likikauka utaazima ndoo kwa jirani, na mtungi hutaugusa. Na ndoo ya jirani utairudisha, kwa sababu jirani ataiuliza. Hapo ndipo penye siri yenyewe: deni la dukani lina mwenye kulidai. Muuza duka ana daftari, na shangazi humwonea haya akichelewa, kwa hiyo hulipa. Akichota kibubuni, nani atamdai? Dukani riba hakuna, basi kukopa hakumgharimu ila ile haya.

Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2013 utafiti wa magharibi mwa Kenya, kwa watu wa vikundi vya upatu. Wengine walipewa kisanduku cha kufuli pamoja na ufunguo wake; wengine kisanduku kilekile, ufunguo ukabaki kwa mtu wa mradi hadi akiba itimie. Waliobaki na ufunguo waliongeza matumizi ya kinga ya afya kwa asilimia 66 hivi. Waliofungiwa, kwa kinga, hawakupata faida ya maana: waliogopa kuzifunga pesa ambazo mgonjwa wa ghafla angezihitaji. Utafiti huo ni wa pesa za afya, tena wa Kenya, kwa hiyo siubebeshi Pemba nzima.

Lakini tangu niusome nakitazama kibubu kwa jicho jingine. Misumari haimzuii shangazi. Akikivunja, mlio utasikika hadi uani, na itambidi amjibu atakayeuliza. Nyundo iko jikoni, nyuma ya mbuzi ya kukunia nazi, na nyumba nzima inajua ilipo.