Kemikali Zisizopimwa Katika Majitaka ya Viwanda: Maswali na Majibu kwa Wakazi wa Lindi na Mtwara

Mto Lukuledi hutokea upande wa Masasi na kumwaga maji yake baharini hapo Lindi, na ukanda wote wa Kusini una mito ya namna hiyo, ambayo masika hufurika na kiangazi hubaki mchanga mtupu. Mchanga ukikauka, akina mama huchimba visima vifupi katikati ya mto, wakangoja maji yajikusanye, kisha wakayateka kwa kata kidogo kidogo hadi ndoo ijae. Maji hayo hunywewa siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo, kinachomwagwa mtoni na kiwanda chochote kilicho juu yao ni jambo la afya ya nyumbani kabla ya kuwa jambo la mazingira. Maswali yafuatayo ndiyo ambayo wakazi huuliza mara nyingi.

Swali: Tunasikia kuna kemikali "zisizodhibitiwa". Je, maana yake serikali imeziruhusu?

Jibu: Hapana. Hazikuruhusiwa wala hazikukatazwa, hazikutajwa tu. Kanuni za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zimeweka ukomo wa vitu kadhaa katika majitaka yanayotoka kiwandani. Uchachu wa maji, kwa mfano, unatakiwa uwe kati ya 6.5 na 8.5 katika kipimo cha pH, na uchafu unaokula hewa ya oksijeni majini, unaojulikana kwa kifupi kama BOD, usizidi miligramu 30 kwa lita. Metali kama risasi, zebaki na kromiamu nazo zimo. Lakini viwanda vya dunia vinatumia maelfu ya kemikali, na nyingi kati ya hizo hazimo katika orodha ya nchi yoyote. Maabara hupima kile ilichoombwa kupima. Kwa hiyo sampuli inaweza kufaulu kila kipimo kilichoandikwa kwenye kibali, na bado ikawa na sumu ambayo hakuna aliyeitafuta.

Swali: Mbona maji yetu ni meupe, hayanuki, na samaki wanaogelea?

Jibu: Macho na pua ni walinzi wazuri wa tope na uozo, lakini hawana kazi mbele ya zebaki, kadimiamu au kundi la kemikali za florini ziitwazo PFAS, ambazo hutumika kutengenezea vitu visivyoshika maji, mafuta wala moto. Mwaka 2024 Marekani iliweka ukomo wa nanogramu 4 kwa lita moja ya maji ya kunywa kwa kemikali mbili za kundi hilo, PFOA na PFOS, yaani sehemu nne za bilioni za gramu moja. Hakuna ulimi wa binadamu unaoweza kuonja kiasi hicho.

Nchini humohumo, katika jimbo la North Carolina, wakazi wa mji wa Wilmington walipata habari mwaka 2017 kwamba maji ya Mto Cape Fear waliyokuwa wakiyanywa yalikuwa na kemikali iitwayo GenX, iliyotoka katika kiwanda kilicho juu ya mto karibu na Fayetteville. Mji ule ulikuwa na mtambo wa kisasa wa kusafisha maji, ila mtambo haukujengwa kwa ajili ya kitu hicho, na kemikali yenyewe haikuwa na ukomo wowote uliowekwa kisheria. Iligunduliwa na watafiti waliokuwa wakitafuta kwa makusudi kile ambacho vipimo vya kawaida havikukitafuta. Wenye mitambo mikubwa walipitwa. Sisi tunaoteka kwa kata tuna sababu zaidi ya kuuliza.

Swali: Huku Kusini hatuna viwanda vya kemikali. Hofu ya nini?

Jibu: Viwanda vyetu si vingi, na pengine hiyo ndiyo bahati yetu, kwa sababu ni rahisi kuweka utaratibu mapema kuliko kuja kuusafisha Mto Msimbazi wa pili, kama ule wa Dar es Salaam uliokwisha kuchafuliwa. Lakini tuanze na kitu ambacho kila nyumba ya Mtwara inakifahamu, yaani korosho. Tazama vidole vya mama aliyebangua korosho kwa mikono miaka mingi: ncha zake ni nyeusi, ngozi imebabuka na kukakamaa, ndiyo maana wengine hujipaka majivu au mafuta kabla ya kushika kazi. Kinachounguza ni mafuta ya ganda, ambayo kwa sehemu kubwa ni asidi ya anakadi, pamoja na kardoli na kardanoli, zote za jamii ya fenoli. Yakikamuliwa ni mali, kwani hutengenezewa rangi, vanishi na vitambaa vya breki. Yakiachwa yakachanganyika na maji ya kuchemshia na kuoshea, kisha yakaelekezwa kwenye mkondo, yanakuwa sumu kwa viumbe vya majini.

Hapo kuna jambo la kuangalia sana. Mavuno ya korosho huanza karibu na Oktoba, wakati mito imefikia kina cha chini kabisa kabla ya mvua. Kiasi kilekile cha majitaka ambacho Machi kingezimuliwa na mto uliojaa, Oktoba kinaingia kwenye dimbwi.

Ongeza dawa za kuzuia kutu kwenye boila, sabuni za kusafishia mitambo na povu la kuzimia moto wa mafuta, ambalo kwa miaka mingi lilitengenezwa kwa PFAS. Viwanda vingi vina stoo ya vitu kama hivi.

Swali: Nikichemsha maji, au nikitia dawa ya klorini, si yatakuwa salama?

Jibu: Kuchemsha na klorini huua vijidudu, na kwa hilo msiache hata siku moja, kwa kuwa kipindupindu bado ni adui wa karibu. Hata hivyo metali haziungui. Ukichemsha, maji hupungua kwa mvuke, na risasi iliyokuwemo inabaki palepale katika maji machache zaidi. Fenoli zikikutana na klorini hutoa harufu na ladha kali kama ya dawa ya hospitali. Ukiikuta, acha kuyanywa maji hayo na utoe taarifa. Shabu hushusha tope, haiondoi PFAS.

Swali: Mwili unadhurika vipi?

Jibu: Polepole, na hapo ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa mgonjwa hawezi kusema aliugua siku gani. Risasi huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Kadimiamu hukaa kwenye figo kwa miongo. PFAS zimehusishwa na lehemu kupanda, kinga ya chanjo kupungua kwa watoto, na saratani ya figo. Mwaka 2023 wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani uliiweka PFOA katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Zebaki ina njia yake. Bakteria wa kwenye tope huigeuza kuwa sumu inayoingia kwa viumbe wadogo, kisha kwa samaki wanaowala, na kuendelea hivyo hadi kwa samaki wakubwa kama papa, ambaye pwani kwetu hununuliwa mbichi sokoni na bara huliwa akiwa mkavu. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya paka wa wavuvi kuanza kuyumba na kuanguka baharini. Kiwanda kiliacha kumwaga mwaka 1968. Katika miaka hiyo 12 walizaliwa watoto wenye ulemavu ambao mama zao hawakuonyesha dalili kubwa, kwani sumu ilipita kwenye kondo la nyuma na kuishia kwa mtoto.

Swali: Basi udhibiti uanzie wapi, kama kemikali ni maelfu?

Jibu: Uanzie getini, mahali kemikali zinapoingilia, badala ya kungoja kwenye bomba zinapotokea. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka mwenye kiwanda awe na kibali cha kutiririsha majitaka, na kwetu kazi hiyo iko chini ya Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini. Kwa upande mwingine, sheria ya kemikali za viwandani ya mwaka 2003 inasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye husajili wanaoziingiza na kuzitumia. Rai yangu ni kwamba majalada hayo mawili yasomwe pamoja: kibali kisitolewe mpaka kiwanda kitaje kila kemikali kwa jina na kiasi, na kila iliyotajwa ambayo inaweza kufika majini ipimwe, hata kama haimo katika orodha ya kitaifa. Mzigo wa kuonyesha kwamba kitu hakidhuru uwe wa anayekitumia, si wa anayekinywa.

Kipo pia kipimo kisichohitaji kujua jina la sumu. Samaki wadogo au viumbe wadogo wa majini huwekwa katika majitaka yenyewe kwa saa kadhaa, na wakifa, kibali kisimamishwe hadi sababu ijulikane. Sampuli zichukuliwe kiangazi, mitambo ikiwa inafanya kazi, bila kupiga simu kwanza.

Swali: Tukiona maji yamegeuka rangi au samaki wanaelea, tufanye nini?

Jibu: Msiwaokote samaki hao, hata wakiwa bado wanatapatapa, na mifugo isinyweshwe hapo. Andikeni saa, mahali na rangi, pigeni picha, kisha mwambieni mwenyekiti wa kijiji na afisa afya wa kata siku hiyohiyo, ili Bodi ya Maji ichukue sampuli kabla mkondo haujapita. Chupa ya soda iliyojazwa na jirani haitakubalika kama ushahidi wa maabara, ila itamwonyesha mtaalamu pa kuanzia, kwa hiyo ijazeni, ifungeni vizuri, iandikeni tarehe, na iwekeni mbali na watoto.