Lambo huanzia juu ya mteremko

Ukipita barabara ya Arusha kwenda Makuyuni, makorongo ya Kisongo utayaona mwenyewe bila kuonyeshwa. Udongo wa kule ni majivu ya volkano, una rutuba, lakini ukikanyagwa na mifugo ukabaki mtupu, mvua za masika huusomba. Korongo nyingi zilianza kama njia ya ng'ombe, au maji ya kalavati yaliyoelekezwa shambani mwa mtu.

Wengi wanaotufuata huomba katapila lichimbe lambo. Ombi ni zuri, ila kuchimba ndiyo kazi ya mwisho. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo mvua ya milimita 40 kwenye hekta 1 ni lita 400,000, na nusu tu ikitiririka, lita 200,000 zinashuka alasiri moja zikiwa zimebeba udongo wa wote walio juu yako. Lambo linalopokea maji hayo hujaa tope mapema, na kulifukua ni gharama kama kuchimba jipya.

Anzeni juu. Pimeni kontua (mistari ya usawa mmoja kwenye mteremko) kwa fremu A, yaani kipimio cha miti chenye umbo la herufi A, chimbeni fanya juu (mitaro ambayo udongo wake hutupwa upande wa juu kuwa tuta), pandeni mabingobingo kwenye matuta, na kubalianeni mifugo isiingie kwa misimu kadhaa. (Hapa ndipo mikutano ya kijiji huwa mirefu.) Ndani ya korongo wekeni vizuizi vya mawe, vifupi na vingi, kimoja kirefu maji hukizunguka na kula ukingo.

Yakishapungua kasi, maji yaingie kwanza kwenye shimo la kunasa mchanga, linalofikika kwa koleo na toroli. Kutoka hapo yatandae kwenye kinamasi cha kina cha sentimita 20 hadi 50, ambako mimea huyachelewesha na tope laini hutulia. Watu hupenda mafunjo kwa kuwa yanapendeza, lakini mafunjo yanataka maji mwaka mzima. Kwa Kisongo au Monduli pandeni matete. Yakikauka juu, mizizi huchipua tena.

Lambo lenyewe ni heri lizidishwe kina kuliko kutanuliwa. Jua la huku linaweza kunyonya takriban milimita 5 kwa siku, yaani kama sentimita 75 kati ya Juni na Oktoba, kabla ya kuhesabu yanayozama ardhini. Na udongo wa volkano huvujisha sana: chimbeni shimo la majaribio, lijazeni jioni, lijazeni tena asubuhi, kisha tazameni linavyoshuka. Likishuka haraka, tafuteni udongo wa mfinyanzi wa kushindilia au turubai la plastiki.

Utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi lambo likijaa, usipuuzwe. Upitishwe kwenye ardhi asilia, kamwe si juu ya tuta lililojazwa, upandwe ukoka, na tuta liwe juu yake kwa angalau nusu mita. Miti isipandwe kwenye tuta, kwani mizizi ikioza huacha njia za maji.

Zungushieni uzio kwa ajili ya watoto, na mifugo inyweshwe kwenye birika kwa bomba. Perege watasaidia kula viluwiluwi vya mbu. Kabla ya kazi yoyote ombeni kibali: Arumeru na Moshi ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, baadhi ya maeneo ya Monduli yako Bonde la Kati, hivyo ulizeni kwanza halmashauri.