Kiwanda Kilitangulia, Nyumba Zikakifuata

Kiwanda kikilipuka, lawama ya kwanza huenda kwa aliyekiruhusu kijengwe katikati ya watu. Mara nyingi hayupo. Ghala la fataki lililolipuka Enschede, Uholanzi, tarehe 13 Mei 2000 na kuua watu 23 lilianza mwaka 1977 nje kidogo ya makazi. Mji ndio ulioota kulizunguka, kibali kimoja baada ya kingine.

Kwa hiyo, ninapopima nyumba zikae umbali gani, jalada la kiwanda cha hatari mimi hulianzia kwenye kiasi cha vitu vya hatari, na si kiasi kilichomo ghalani leo bali kile ambacho leseni inaruhusu. Kwa sheria ya Seveso ya Umoja wa Ulaya, tani 10 za klorini zinatosha kukiweka kiwanda chini ya usimamizi maalumu. Zikifika 25 kinapanda daraja la juu. Sasa tuseme mkaguzi amekuta tani 8 na leseni inasema 40. Ukichora ukanda wa tahadhari, yaani eneo la kuzunguka kiwanda ambamo ujenzi hudhibitiwa, kwa hizo 8, utaruhusu nyumba mahali ambapo mwenye kiwanda anaweza kuifikisha hatari kesho, kihalali kabisa, bila kukuuliza.

Ukanda wenyewe hauwi mstari mmoja. Uingereza huchora pete tatu, kisha huuliza ni nani atakayekaa humo. Ofisi ndogo yaweza kukubalika pete ya ndani, kwa kuwa wafanyakazi ni watu wazima, wachache, na wanaweza kufundishwa kukimbia. Hospitali kubwa hukataliwa hata pete ya nje: mgonjwa aliye kitandani hakimbii.

Panapovuja ni kwenye maombi madogo. Mtaa mpya wa nyumba 200 kila mtu atauona. Bohari linaloomba kugeuzwa shule ya chekechea hupita kwa sababu jengo lipo tayari na ramani haibadiliki. Mabadiliko ya matumizi yapitie ukanda uleule kama jengo jipya. Vivyo hivyo upande wa pili: kiwanda kikiomba kuongeza tangi, afisa mipango miji apate nakala kabla leseni haijasainiwa. Ofisi nyingi humpelekea baada ya hapo, kwa taarifa tu, na hilo kwangu ni sawa na kutompelekea.

Kuhusu ukaguzi nitasema moja. Enschede kulikuwa na fataki za daraja kali kuliko zilizoruhusiwa. Anayehesabu maboksi na kusoma lebo amekagua maneno ya muuzaji, afungue boksi.

Na nyumba zilizokwisha kujengwa? Baada ya mlipuko wa Toulouse wa Septemba 2001, uliouwa watu 31, Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2003 yenye ngazi tatu. Karibu kabisa, nyumba hutwaliwa kwa fidia. Mbele kidogo, mwenye nyumba ana haki ya kudai inunuliwe. Mbali zaidi, nyumba huimarishwa, na hapo kazi kubwa ni madirisha, maana wimbi la mlipuko huvunja vioo mbali sana na mahali kuta zinapoanguka. Karatasi ya plastiki ya kubandika kioo husaidia, ila kingo zake zifungwe kwenye fremu, na fremu ifungwe ukutani. Isipofungwa, kioo hakitawanyiki vipande. Hung'oka kizima na kuingia chumbani.