Irabu ya DNA: kutoka hamira hadi paka wa Lamu

Mtoto wa chuoni hapa Lamu hujifunza mapema kwamba herufi ni ile ile, irabu ndiyo inayogeuza usomaji. DNA, maandishi ya urithi ndani ya seli, nayo ina alama ya namna hiyo. Herufi zake ni nne, A, C, G na T, na juu ya C seli hubandika methili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu. Herufi haibadiliki, ila jeni iliyojaa alama hizo mwanzoni mwake kwa kawaida hunyamaza. (Mfano wangu una kasoro, najua: irabu hutamkisha.)

Alama hii ni kongwe. Mababu wa pamoja wa mimea, kuvu na wanyama walikuwa nayo. Wajukuu ndio waliotofautiana, na ukikaa barazani kwa chai ya asubuhi utawaona karibu wote kwenye sinia moja. Mbaazi huitumia sana, hasa kufungia vipande vya DNA vyenye tabia ya kuhamahama. Hamira iliyoumua mahamri imeiacha kabisa. Nzi anayezengea sinia amepoteza vimeng'enya vyote viwili vya kuibandika.

Nyuki aliyetupa asali amebakiza chache mno, haifiki C moja katika mia. Lakini si za bure. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walizima kimeng'enya kimoja cha methili katika majana machanga, na mengi yakakua na ovari za kimalkia. Wenzao wasioguswa, kwa chakula kile kile, wengi walitoka vibarua.

Halafu yuko paka, chini ya meza. Kwake, kama kwetu, kila C inapofuatwa na G, mara 70 hadi 80 kwa 100 ina methili. Mtazame yule wa madoa meusi na ya chungwa: karibu kila mara ni jike. Ana kromosomu X mbili, moja ya weusi, moja ya chungwa. Angali tumboni, kila seli ilizima moja, na methili husaidia isiamke tena. Doa jeusi ni ukoo wa seli zilizozima chungwa.

Wingi huo una gharama. C yenye methili hugeuka T kwa urahisi, hata jozi za CG katika DNA ya binadamu zimebaki takriban moja ya tano ya zinazotarajiwa. Sishangai kwamba wengine waliitupa.

Wala asidhani mtu kuwa wingi ni wa wenye uti wa mgongo tu. Yuko sifongo wa miamba ya matumbawe ya Australia, hana mfupa wala ubongo, na methili yake inakaribia ya paka.