Majibu ya thairoidi kwa wazee: TSH ikiwa juu kidogo, ni ugonjwa?

Mama ana miaka 78. Karatasi ya maabara inaonyesha TSH (homoni inayoihimiza thairoidi, tezi ya shingoni) ni 6.2, na pembeni kuna herufi H. Ana ugonjwa wa thairoidi?

Huenda hana. H inasema tu kwamba namba imepita kikomo kilichowekwa na maabara, ambacho mara nyingi ni 4.0 au 4.5 mIU/L. Maabara nyingi hutumia kikomo hichohicho kwa kijana wa miaka 25 na bibi wa miaka 85, ilhali TSH huelekea kupanda kadiri umri unavyosogea, hata kama tezi ni nzima. Katika takwimu za uchunguzi wa afya wa kitaifa wa Marekani, kwa watu wa miaka 80 na kuendelea wasio na ugonjwa wa thairoidi, kikomo cha juu kilifika karibu 7.5. Kwa hiyo 6.2 yaweza kuwa ndiyo hali ya kawaida ya mama. Kabla ya kuogopa, soma mstari wa FT4, yaani T4 iliyo huru kwenye damu, homoni ya thairoidi yenyewe.

FT4 inaongeza nini ambacho TSH haisemi?

TSH haitoki kwenye thairoidi. Inatolewa na pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ili kuihimiza thairoidi iliyo shingoni itengeneze homoni za T4 na T3. Homoni hizo zikipungua TSH hupanda, zikizidi hushuka, na hushtuka upesi mno: FT4 ikipungua kidogo tu, TSH inaweza kuongezeka maradufu. Ndiyo sababu hupimwa kwanza, na ndiyo sababu ikisomwa peke yake huwatia watu hofu bure.

TSH juu na FT4 chini: tezi imelegea kweli, dawa inahitajika. TSH juu na FT4 ya kawaida, kama huenda ilivyo kwa mama, ni upungufu mdogo ambao mara nyingi husubiriwa na kufuatiliwa. TSH chini huku FT4 au T3 iko juu: tezi inafanya kazi kupita kiasi. Zote mbili zikiwa chini, shaka ihamie kwenye pituitari, au kwenye ugonjwa mwingine mzito alionao mgonjwa.

Angalia pia vizio. Kwa TSH, mIU/L na µIU/mL hutoa namba ileile. Kwa FT4 sivyo: 1 ng/dL ni karibu 12.9 pmol/L, hivyo 1.2 ya hospitali moja na 15 ya nyingine zinakaribiana sana. Tumeona familia zikidhani homoni imepanda mara kumi, kumbe wamebadilisha maabara tu.

Basi hiyo 6.2 tuifanyeje?

Irudieni baada ya miezi 2 hadi 3, maabara ileile, saa ileile, pamoja na FT4 na kingamwili za TPO, zile ambazo mwili huzitengeneza dhidi ya thairoidi yake wenyewe. Saa ina maana yake, kwa kuwa TSH huwa juu usiku na alfajiri kisha hushuka mchana. Wengi wenye ongezeko dogo hurudi kwenye kawaida bila dawa. Kingamwili zikionekana, uwezekano wa TSH kuendelea kupanda ni mkubwa zaidi, basi apimwe walau kila mwaka. Ikipita 10 na kubaki huko, daktari kwa kawaida atazungumzia dawa.

Chini ya hapo, faida ya kidonge kwa mzee ni ndogo kuliko watu wanavyotarajia. Utafiti wa TRUST uliofanyika Ulaya na kuchapishwa 2017 uliwafuata watu 737 wa miaka 65 na zaidi, wastani wa TSH zao ukiwa 6.4. Baada ya mwaka, waliomeza levothairoksini, yaani T4 ya kidonge, hawakuwa na nafuu ya uchovu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Uchovu, choo kigumu na kuhisi baridi vina sababu nyingi uzeeni. Upungufu wa damu, figo na dawa anazokunywa vichunguzwe pia.

Kuna vitu vinavyopotosha majibu?

Ugonjwa mkali ndio wa kwanza. Mzee aliyelazwa kwa nimonia anaweza kuonyesha T3 na TSH za chini, na anapopona TSH ikapanda kwa muda. Kama hakuna dalili za wazi za thairoidi, kipimo kisubiri wiki 6 hivi baada ya kupona.

Kisha geuza vile vichupa vya virutubisho vya nywele na kucha usome nyuma. Vingi vina biotini, aina ya vitamini, mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku. Katika mashine nyingi biotini hiyo hushusha TSH kwa uongo na kupandisha FT4, karatasi ikaonyesha ugonjwa usiokuwepo. Aiache angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu.

Steroidi hushusha TSH. Lithiamu, dawa ya magonjwa ya akili, na amiodaroni, dawa ya mapigo ya moyo, huivuruga tezi yenyewe. Kidonge kimoja cha amiodaroni cha miligramu 200 kina miligramu 75 za iodini. Hizi za daktari hamzikatizi nyumbani. Mtajieni tu anayesoma majibu.

TSH ya baba ni 0.05 na halalamiki chochote. Tushukuru?

Hapana. Kwa mzee, hii hututia wasiwasi kuliko 6.2 ya mama. Huko Framingham, Marekani, watu wa miaka 60 na zaidi wenye TSH ya 0.1 au chini walifuatiliwa miaka 10. Hatari yao ya kupata mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ilikuwa kama mara tatu ya wenye TSH ya kawaida, na mapigo hayo huleta kiharusi. Mifupa nayo hudhoofika. Msisubiri kutetemeka na kutoka jasho: wazee wengi hupungua uzito tu, hukosa hamu ya kula na kunyong'onyea, watu wakasema ni umri.

Kama anatumia levothairoksini, huenda dozi imezidi. Kama ana rovu (uvimbe wa thairoidi) la siku nyingi lenye vinundu, ulizeni kuhusu iodini. Chumvi yenye madini joto, yaani iodini, ilipoenea Kivu, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1990, ilionekana kwamba baadhi ya wenye marovu ya zamani tezi zao zilianza kuzidisha homoni. CT scan yenye sindano ya dawa ya iodini inaweza kufanya hivyo pia.

Bibi anakunywa levothairoksini kila siku lakini TSH haitulii.

Mtazame anavyoimeza. Akiimeza na chai ya maziwa, au pamoja na vidonge vya kuongeza damu, sehemu ya dawa haifyonzwi. Aimeze kwa maji matupu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Vidonge vya damu na kalsiamu vifuate baada ya saa 4. Siku ya kipimo atolewe damu kwanza, kidonge baadaye, kwa sababu FT4 hupanda kwa saa kadhaa baada ya kumeza.

Dozi kwa wazee huanza chini, mikrogramu 12.5 hadi 25, hasa moyo ukiwa na matatizo. Baada ya miaka 70 madaktari wengi huridhika na TSH ya 4 hadi 6. Na dozi ikibadilishwa, kipimo kisubiri wiki 6 hadi 8: T4 huchukua kama wiki moja kupungua nusu mwilini, na TSH huja nyuma yake polepole zaidi.