Ampu ndogo ya vali kwa nyumbani na kurekodia: usianze na wati

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kwenye meza yangu ya ufundi ni hili: "Fundi, ampu ya gitaa, yaani kikuza sauti, ya kupigia nyumbani nichukue ya wati ngapi?" Anayeuliza huwa amekwisha kujijibu moyoni kwamba wati 5 ni chache, kwa hiyo sauti itakuwa ya wastani na majirani watalala. Baada ya wiki mbili hurudi na malalamiko ya aina mbili: akiikaza ampu, mtaa mzima unamsikia, akiipunguza, sauti inakosa ladha ile iliyomfanya atoe fedha zake. Ampu yenyewe haina kosa. Ladha anayoitafuta ni ule mkwaruzo unaotokea ampu inapozidiwa, kwa hiyo alipaswa kuuliza inaanza kukwaruza ikiwa imefikia ukubwa gani wa sauti, na kama nyumba yake inaweza kuuvumilia ukubwa huo.

Hesabu yake si ngumu. Spika nyingi za gitaa zikipewa wati 1 hutoa desibeli zipatazo 97 kwa msikilizaji aliye umbali wa mita 1, ilhali mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kila unapozidisha nguvu mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na sikio la mwanadamu huhitaji takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi, ndipo likubali kwamba sauti imekuwa mara mbili ya ilivyokuwa. Kwa hiyo ampu ya wati 5 husikika kama nusu ya ampu ya wati 50, wala si sehemu yake ya kumi kama wengi wanavyodhani. Ikikazwa hadi mwisho hufikia desibeli 104, tena mara nyingi ndani ya chumba cha mita tatu kwa tatu chenye kuta za matofali ya saruji na sakafu ya vigae, ambamo hakuna kinachomeza sauti isipokuwa godoro.

Kwa nini basi mtu asipige kwa sauti ya chini tu? Hapo inabidi tuingie ndani ya boksi. Vali ni zile chupa ndogo za kioo zinazowaka kwa rangi ya kaa la moto, zilizokuwamo katika redio za wazee wetu kabla ya transista. Katika ampu ndogo huwa na kazi mbili. Mbele hukaa 12AX7, ambayo Ulaya huandikwa ECC83, nayo hukuza ishara dhaifu inayotoka kwenye pikapu za gitaa, yaani vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi. Nyuma hukaa vali ya nguvu, mara nyingi 6V6 au EL84, ambayo huisukuma spika kwa kupitia transfoma ya kutolea sauti. Vali za mbele na za nyuma zote huweza kuzidiwa na ishara zikakwaruza, lakini mikwaruzo yao haifanani. Ya vali ya mbele ni ya changarawe, imebanana, na huipata hata saa sita ya usiku ikiwa ampu ina kitufe cha pili cha kupunguza sauti kuu. Ya vali ya nguvu huufuata mkono: ukigusa nyuzi taratibu inatakata, ukikaza inanguruma, na transfoma pamoja na karatasi ya spika nazo hutia chumvi yake humo. Wapigaji wengi wanaotafuta ampu ya vali huwa wanaitafuta hii ya pili, na ndiyo isiyopatikana mpaka vali ya nguvu ifanyishwe kazi kweli.

Chukua mfano wa Fender Champ ya muundo wa 5F1, iliyotengenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1950, ambayo mafundi wengi huinakili hadi leo kwa sababu mchoro wake unaenea kwenye ukurasa mmoja. Ina vali tatu tu: 12AX7 moja, 6V6 moja, na 5Y3 ya kunyoosha umeme, yaani kuugeuza uwe wa mwelekeo mmoja. Kitufe chake cha kuzungusha ni kimoja, cha sauti, na spika yake ni ya inchi 8. Kwa wati zake kama 5, hukaa safi katika sehemu ya kwanza ya kitufe, kisha huanza kuiva, na mwishoni huchemka kabisa. Naipenda kwa kurekodia kuliko ampu yoyote iliyowahi kupita mezani kwangu, lakini simshauri mtu wa nyumba ya kupanga ainunue kwa matumaini ya kuikaza usiku, kwa kuwa haina njia ya kuivisha vali ya nguvu bila kuamsha watu.

Watengenezaji wa siku hizi wamelijua tatizo hilo, ndiyo maana wameweka swichi za kushusha nguvu. Vox AC4TV, yenye EL84 moja, hutoka kwenye wati 4 hadi 1 na hadi robo wati, yaani hushuka desibeli 6 na kisha 12. Marshall DSL1 ina wati 1 na swichi ya kuiteremsha hadi wati 0.1, ambayo ni desibeli 10 chini. Mambo hayo yanasaidia, ila yasikudanganye: robo wati kwenye spika nzuri bado ni zaidi ya desibeli 90, na sikio letu husikia besi hafifu zaidi kadiri sauti inavyopungua, kwa hiyo sauti ile ile itakayokuvutia ikiwa kubwa itaonekana nyembamba ikiwa ndogo, hata kama ampu haikubadilika chochote.

Hapa nina ushauri unaowashangaza wateja wangu. Mtu anayepiga solo la muziki wa dansi au benga, ambaye anataka kila noti ing'ae na kusimama peke yake bila kusagwa na inayofuata, hahitaji ampu ya vali moja ya nguvu hata kama ni ya nyumbani. Ampu hiyo itamkwaruzia mapema, hasa kwenye nyuzi za chini. Afadhali achukue yenye vali mbili za nguvu zinazopokezana kuisukuma spika, kama Fender Princeton Reverb yenye 6V6 mbili na spika ya inchi 10, au Fender Blues Junior ya wati 15 yenye EL84 mbili na spika ya inchi 12, kisha aipige kwa kitufe kikiwa chini. Sauti itakuwa safi, besi itakuwa imara, na mvumo wa umeme utakuwa mdogo, kwa maana vali mbili zinazopokezana hufuta sehemu kubwa ya mvumo unaotoka kwenye njia ya umeme, jambo ambalo vali moja haiwezi. Nimewahi kubadilishana na kijana mmoja, yeye akanipa ampu yake ndogo nami nikampa kubwa, na akaondoka akiamini amenipunja.

Kuhusu spika, watu hubishana kuhusu chapa za vali kwa saa nzima huku wakiwa wamekaa juu ya boksi la spika ambalo ndilo lenye neno la mwisho. Spika ya inchi 8 katika boksi dogo lililo wazi nyuma hukata besi na kuinua sauti za kati; ndiyo maana Champ hurekodika vizuri, kwani haigombani na gitaa la besi wala ngoma. Ampu hiyo hiyo ikiunganishwa na boksi lililofungwa lenye spika ya inchi 12, utadhani imekuwa ampu nyingine. Kabla ya kununua, tazama kama kuna tundu la kuunganishia spika ya nje, na hakikisha omu za spika, yaani kipimo cha ukinzani wake kwa umeme, zinalingana na zilizoandikwa kwenye tundu hilo.

Ampu ya vali isiwashwe kamwe bila spika. Transfoma ya kutolea sauti isipokuwa na mzigo, nguvu iliyomo kwenye nyaya zake hukosa pa kwenda, volti hupanda kupita kiasi, na cheche huruka kwenye kiungo cha vali au hutoboa kihami cha transfoma. Anayetaka kurekodi kimya kimya atafute ampu yenye tundu la laini, yaani la kutolea ishara kwenda kwenye kifaa cha kurekodia, lililotengenezwa kwa kazi hiyo, au anunue boksi la mzigo linalokaa mahali pa spika na kupeleka ishara kwenye kompyuta, ambako programu itaiga spika na maikrofoni. Nimeijaribu njia hiyo kwa muda mrefu, na kwa mtu anayeishi ghorofani hakuna ya kuishinda.

Asiyebanwa na majirani, maikrofoni moja inatosha. Ninayotumia ni Shure SM57, ambayo imekuwapo tangu 1965 na haiogopi sauti kubwa. Iweke karibu kabisa na kitambaa cha spika. Ikielekea katikati ya spika, sauti huwa kali kama sindano. Ukiisogeza kidogo kuelekea ukingoni, sauti hunenepa na kuwa ya giza. Sentimita mbili hubadili mengi kuliko vitufe vyote vya ampu, kwa hiyo vaa hedfoni na mtu mwingine aisogeze huku ukisikiliza. Inua ampu kutoka sakafuni, iweke juu ya kiti au ndoo iliyopinduliwa, na tundika khanga nzito au blanketi ukutani nyuma ya maikrofoni. Ukikaa na gitaa lenye pikapu za koili moja karibu na transfoma ya ampu, utarekodi mvumo pamoja na wimbo. Geuka taratibu ukiwa umekaa, upo upande ambao mvumo hufifia.

Sasa umeme, ambao umeua ampu nyingi zaidi kuliko uzee. Tanzania hutumia volti 230 na Kenya 240, zote kwa hezi 50, huku Marekani ikitumia volti 120 kwa hezi 60. Mteja wangu mmoja alitumiwa ampu na ndugu yake wa huko, akabadilisha plagi tu, na ampu ikaishi kwa muda wa kuhesabu moja hadi tatu. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kitu kingine chochote. Ikiwa ni ya volti 120, nunua transfoma ya kushusha umeme. Ampu ya wati 5 hula kutoka ukutani wati kama 30 hadi 50, kwa hiyo transfoma ya VA 100 (VA ni kipimo cha uwezo wa transfoma, kinachokaribiana na wati) inatosha na haitachemka. Lakini kama imeandikwa hezi 60 peke yake, jua kwamba transfoma ya ndani itapata joto zaidi kwa hezi zetu 50, hata volti zikiwa sawa. Umeme unaopanda na kushuka nao una madhara yake: nyuzi za joto, zile zinazowaka ndani ya vali, zimekusudiwa volti 6.3, na umeme wa ukutani ukipanda kutoka 230 hadi 250, nyuzi hizo hupata karibu 6.85 na umri wa vali hupungua. Stabilaiza ya bei nafuu ni bora kuliko vali ya ziada, ingawa mimi ninavyo vyote viwili.

Vali za mbele hudumu miaka, za nguvu huchoka mapema. Ukinunua ampu, agiza papo hapo jozi ya akiba, kwani nyingi za siku hizi hutoka Slovakia, China na Urusi, na mwaka 2022 shehena za Urusi zilipokatizwa bei zilipaa kila mahali. Kwa ampu iliyotumika, iwashe, subiri dakika moja, kisha gonga kila 12AX7 kwa kalamu ya mbao: ikilia kama kengele kwenye spika, itabadilishwa. Sikiliza mvumo kitufe kikiwa sifuri; ukiwa mkubwa, huenda kapasita, yaani vihifadhi vya umeme vya ndani, zimechoka. Usifungue mwenyewe kutazama, kwa sababu kapasita hizo huweza kushika zaidi ya volti 300 hata baada ya plagi kuchomolewa, na ampu za zamani zenye plagi ya pini mbili hazina hata waya wa ardhi wa kukulinda. Mletee fundi, na umwambie aweke waya huo kwanza, kabla hujamwuliza lolote kuhusu sauti.